Mtambo Hufungwa Upya Siku Unapofunguliwa

Mdogo wangu unayeanza kazi ya kuhamisha mitambo, utaambiwa kazi kubwa ni kuusimamisha mtambo ukishafika. Mimi nakwambia kazi kubwa iko ng'ambo, kabla hujalegeza bolti ya kwanza.

Mtambo wetu wa barafu ya wavuvi tuliufungua Marekani. Siku ya mwisho tulikuwa mbiombio, kontena linasubiri, tukaing'oa mota bila kutazama chini ya miguu yake. Palikuwa na vibati vyembamba, vingine kama karatasi, vilivyotiwa ili shafti ya mota ilingane na ya pampu. Vikaanguka, tukavifagia pamoja na kutu. Huku Lamu tulikesha siku mbili tukikata vibati vipya na kupima, shafti inakataa kulingana. Tangu hapo kila mguu una mfuko wake wa vibati, wenye namba, nimeufunga kwa waya kwenye mguu wenyewe. Usiuweke kwenye sanduku la vikorokoro, hutauona tena. Waya za umeme nazo zitie lebo ncha zote mbili, na upige picha ya paneli kabla ya kugusa kitu.

Pima na njia. Kontena la futi 20 lina upana wa ndani wa mita 2.35 hivi, lakini Lamu kipimo kinachoamua ni kichochoro chembamba kuliko vyote kati ya gati na banda lako. Hakuna lori linalopita humo. Kipimo hicho kiwe mfukoni mwako ukiwa ng'ambo, ndicho kitakachokwambia mtambo ukatwe vipande vingapi. Na kuvuka kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, mwulize nahodha maji yanajaa saa ngapi, umfuate yeye, si ratiba ya ofisi. Kompresa huteremshwa salama pale sitaha inapolingana na gati.

Karatasi za forodha mwachie wakala. Muhuri wa kuonyesha mbao za kufungia mzigo zimetibiwa dhidi ya wadudu, huo utazame kwa macho yako.

Gesi ya kupozea itolewe na fundi mwenye kibali, isiachiwe hewani. Kisha mabomba yatiwe naitrojeni kavu kwa presha ndogo, yazibwe, na geji ya presha ibaki imeunganishwa kwenye bomba. Kontena likifunguliwa tazama geji kabla ya yote. Mshale ukiwa umelala kwenye sifuri, pamevuja, na unyevu wa bahari umeshaingia ndani.

Umeme ndio unaowaangusha wengi. Viwanda vya Marekani hutumia volti 480 na hezi 60, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, sisi tuna 415 na hezi 50. Watu hushughulika na volti, wakazisahau hezi. Transfoma hubadilisha volti, hezi haizigusi. Mota iliyokuwa ikizunguka karibu mara 1,800 kwa dakika, huku itazunguka karibu 1,500, yaani imepungua moja ya sita. Mtambo wa tani 6 za barafu kwa siku utarajie kama 5, na umwambie mwenye mali mapema, kabla hajawaahidi wavuvi. Ukitaka kurudisha mwendo kwa puli kubwa zaidi ya mota, soma kwanza kibati chenye maelezo ya nguvu kilichobandikwa kwenye mota, kwa sababu nguvu yake nayo imepungua na inaweza kuungua.

Siku ya kuwasha, usiwashe. Pima waya za mota kwanza kwa mega, kifaa kinachoonyesha kama umeme unavuja kwenye waya. Ikisoma chini ya megaomu 1, mota imekunywa unyevu wa safari. Ikaushe kwa joto la taratibu, hata la balbu, upime tena kesho. Ikikubali, ondoa kaplingi, kiungo cha shafti ya mota na ya pampu, ili mota iwe peke yake, bonyeza na uachie papo hapo, utazame inazunguka upande gani. Ikizunguka kinyume, zima swichi kuu, badilisha waya mbili kati ya tatu, ubonyeze tena. Ikienda sawa, ndipo urudishe kaplingi.