Samurai walimalizwa na mchele, mwanangu

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, mara ya kwanza nilikuwa na wateja. Unauliza hao samurai, askari wa kale wa Japani unaokesha kuwaangalia badala ya kulala, wametawala Japani karibu miaka 700, ikawaje wakaisha ndani ya miaka kama kumi hivi na wala hakuna mzungu aliyekuja kuchukua nchi. Swali zuri baba, na umemuuliza mwalimu wa historia mstaafu anayeuza mchele, kwa hiyo umepata mtu wake.

Mwanzo walikuwa watu wa kulinda mashamba ya wakubwa tu. Mfalme yuko zake Kyoto na watu wake wanatunga mashairi, habari za kupigana wamewaachia hao hao walinzi. Basi 1185 jeshi la Minamoto no Yoritomo likaumaliza ukoo wa Taira baharini kule Dan-no-ura, 1192 akapewa cheo cha shogun, yaani mkuu wa majeshi, makao yake yakiwa mji wa Kamakura. Yoritomo hakumgusa mfalme, na mimi hapo ndo huwa namvulia kofia, alimwacha na heshima zake zote yeye akashika kodi na kesi za ardhi.

Katikati hapo wakaja kuuana wenyewe kwa wenyewe zaidi ya miaka mia, naruka. Tokugawa Ieyasu alishinda vita ya Sekigahara mwaka 1600, 1603 akawa shogun, ikaja amani ya miaka zaidi ya 250, na shida yao ikaanzia hapo maana askari bila vita unamlipa afanye nini?

Walilipwa mchele. Kipimo chao kiliitwa koku, kama gunia moja na nusu la kilo mia, ndo walihesabu kinamtosha mtu mmoja mwaka mzima. Wengi wameshatolewa shambani wanakaa mjini chini ya ngome ya bwana wao, kulima hawalimi, biashara kwao ni aibu, mshahara ni ule ule wa babu yake, sasa mafuta ya kuwashia taa na nguo atanunua na nini, inabidi mchele wake aupeleke kwa dalali apate hela, na mwaka ukivunwa sana bei inashuka yeye ndo analia. Anakopa kwa mchele wa mwakani. Wateja wa hivyo ninao kwenye daftari, nawajua kwa sura. Mabwana wao nao toka 1635 wamelazimishwa kukaa Edo, mji wa shogun ambao leo ni Tokyo, mwaka mmoja na kwao mwaka mmoja, mke na watoto wanabaki Edo, misafara na majumba mawili, wengi wanadaiwa na matajiri wa mji wa Osaka. 1789 serikali ikafuta madeni ya zamani ya samurai wake, we unadhani wakopeshaji walifanyaje? Walifunga mkono. Hata mimi ningefunga.

Kwa hiyo Perry, kamanda wa meli za kivita za Marekani, alipofika na meli 4 mwaka 1853 akakuta nyumba imeshaliwa na mchwa. Walioisukuma ni samurai wenyewe, wa majimbo ya Satsuma na Choshu, wengi wa vyeo vya chini. 1867 shogun wa mwisho, Yoshinobu, akarudisha madaraka kwa mfalme, 1868 watu wake wakapigana na hao samurai. Washindi walipofungua hazina wakakuta mishahara ya wenzao inaila vibaya, basi 1873 wakaanza kuchukua vijana wa kila tabaka jeshini, 1876 wakapiga marufuku kutembea na upanga na mishahara wakaigeuza hatifungani, yaani karatasi za deni la serikali. Yani wamekatwa na watu wao wenyewe.

Saigo Takamori, mmoja wa walioiangusha serikali ya shogun, 1877 akaongoza samurai wa Satsuma kuasi hiyo hiyo serikali aliyoisimamisha. Akafia mlima Shiroyama mwezi wa tisa, amezungukwa na jeshi lililojaa watoto wa wakulima wenye bunduki.

Nimekuwekea debe la mchele kwenye basi la kesho asubuhi, wahi stendi, na huo usije ukauuza.

Mama