Usiitupe ile Bahasha ya Kesi ya Hisa

Bahasha ilinifikia hapa Houston mwezi wa Novemba: nene, maandishi madogo kama karatasi ya ndani ya boksi la dawa. Nikaichanganya na matangazo ya pizza. Mke wangu ndiye aliyeiokoa: "Baba Neema, hii ina jina la mahakama."

Nilikuwa na hisa 40 za kampuni moja, nilizonunua kwa simu enzi kila mtu kazini anaisifia. Siku ilipotangaza kuwa inarekebisha hesabu zake za mapato, bei iliporomoka karibu nusu kabla sijatoka shifti. Wanahisa wakaishitaki kwa pamoja wakidai walidanganywa. Miaka mitatu baadaye kampuni ikakubali kulipa, bila kukiri kosa; ile bahasha ilikuwa taarifa ya maafikiano hayo. Hilo la kutokiri liliniuma, ila ndivyo kesi nyingi za aina hii zinavyoisha Marekani.

Nilidhani nikikaa kimya hela itanifuata. Wapi! Ukiwa ulinunua ndani ya kipindi kilichotajwa kwenye taarifa na hukujitoa ili ushitaki peke yako, umo kwenye kesi na maafikiano yanakufunga. Lakini usipojaza fomu ya madai kabla ya tarehe ya mwisho hupati senti, na haki ya kushitaki mwenyewe imeshaondoka. Kujitoa kuna maana kwa mwenye mamilioni, si mimi na hisa zangu 40.

Kilicholeta ugomvi ni hesabu ya hasara. Rafiki yangu aliuza kwa hasara wiki moja kabla ya habari kuvuja. Fomula ya kugawa fidia ikampa sifuri. Alifoka! Ila alipouza, ukweli ulikuwa bado umefichwa, hivyo hata mtu aliyezinunua kutoka kwake alilipa bei ileile ya uongo. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaligusa hili mwaka 2005 kwenye kesi ya Dura Pharmaceuticals, kampuni ya dawa: kununua kwa bei iliyovimbishwa hakutoshi, onyesha kwamba uongo huo ndio uliokutia hasara. Mimi nilikuwa bado nazishika siku bei ilipoanguka, kwa hiyo nikahesabiwa.

Kumbukumbu zilinitesa kuliko fomu yenyewe. Nilikuwa nimehama dalali wa hisa, na ile programu ya zamani haikunifungulia tena. Pakua taarifa zako leo: tarehe, idadi, bei, za kununua na za kuuza.

Mtu akikupigia simu akitaka ada "aharakishe malipo yako", kata. Kudai ni bure. Mawakili hulipwa kutoka kwenye mfuko wenyewe wa fidia, mara nyingi robo hadi theluthi, jaji akiridhia.

Na usikope kwa kutegemea fidia hiyo. Wanahisa wa Enron, kampuni ya nishati ya hapahapa Houston, walipata zaidi ya dola bilioni 7, nyingi zikitoka kwa mabenki, maana Enron yenyewe ilikuwa imefilisika. Kesi kama hiyo ni nadra. Mimi nilipoteza dola 1,160. Cheki ilikuja baada ya miezi 14, dola 96. Niliipeleka benki siku hiyohiyo, kwa sababu iliandikwa kuwa baada ya siku 90 haifai tena.