Kushusha na kupandisha boti kwenye mchanga mtupu

Umeuliza utashushaje boti ya trela ufukweni pasipo na njia ya zege, gari lisinase. Kwanza upite kwa miguu wakati wa maji kupwa, uone mawe na mashimo. Kisigino kikizama, gari litazama pia. Punguza upepo wa matairi, na gari libaki kwenye mchanga mgumu. Trela ifungwe kwa kamba ndefu, iteremshwe yenyewe. Kaza kizibo cha tundu la kutolea maji kabla boti haijagusa bahari.

Shusha maji yakijaa: ukikwama, bahari itakuinua. Yakianza kupwa, kila dakika unazidi kuachwa juu. Omo, yaani mbele ya boti, ielekee mawimbini, injini iwe imeinuliwa. Na tafadhali sana, mtu asisimame kati ya boti na ufukwe. Wimbi dogo tu linatosha kuisukuma boti ikamvunja mguu.

Kurudi ndiko kugumu. Subiri mawimbi yatulie, ingia polepole, inua injini kabla panga lake linalozunguka majini halijakwaruza mchanga, kisha vuta boti kwa winchi, yaani kifaa cha kukunjia kamba. Bila trela, magogo matatu ya mviringo ya kuviringishia boti yanatosha: la nyuma likiachwa, lihamishiwe mbele. Ukimaliza, osha beringi za trela kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi.