Niliuvuta mkono wa mwanangu nikiwahi bustanini

Juzi msomaji mmoja, mama wa watoto wawili, aliniandikia: "Kaka, tunaishi ghorofa ya nne, bustani iko mbali, na ikifika wikiendi nimechoka hoi. Watoto watacheza nje lini?" Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nikashindwa. Ameshika pale pale panapouma.

Miaka minne iliyopita nilikuwa baba wa ratiba. Wiki nzima watoto wako ndani, halafu Jumamosi nawafidia kwa mkupuo: bustani kubwa ya upande wa pili wa jiji, mabasi mawili kwenda, mawili kurudi, begi limejaa kama tunahama. Tukifika tu, napiga picha na kuzituma kwenye kundi la ukoo kabla hata hawajavua viatu. Nakiri, picha zilikuwa na uzito kuliko mchezo.

Jumamosi moja tulikuwa tunabadilisha basi. Yule mdogo, wakati huo ana miaka 3, akachuchumaa pembeni ya njia. Ameona msafara wa sisimizi wamebeba bawa la mdudu. "Baba, angalia!" Sikuangalia. Basi lilikuwa linakaribia kujaa. Nikamshika kiganja cha kushoto nikamvuta kwa nguvu. Akapiga ukelele ambao sijausikia tena tangu siku hiyo, na mkono ukabaki unaning'inia.

Bustani hatukuiona. Siku tuliimalizia zahanati. Daktari akanieleza kwamba kwa watoto wa umri ule kano inayoshikilia mfupa kiwikoni bado imelegea. Ukimvuta mkono ghafla, inateleza. Akauzungusha mkono, akaukunja, kitu kikalia "ta!" na baada ya dakika chache mwanangu anaunyoosha mkono uleule kunyakua kalamu ya daktari. Yeye akawa amesahau. Mama yake hakusahau. "Ulikuwa unawahi nini?" aliniuliza usiku, nikakosa jibu. Ndugu mmoja (simtaji, anajijua) akaandika kwenye kundi lilelile la picha kwamba wengine tusingepewa watoto. Hilo nalo bado ninalo.

Nikaacha safari. Kwa mwezi mzima tulikuwa tunatoka jioni, tunazunguka jengo letu, basi. Mwanzoni ilichosha, mkubwa akanung'unika, mvua ikatufukuza, hayo nayaruka. Sheria ilikuwa moja: mdogo anatangulia, mimi nyuma, akisimama nasimama. Hatua mia mbili zikatuchukua dakika 40.

Na mjini kuna mambo, jamani! Wale njiwa wanaotuchafulia madirisha asili yao ni ndege wa majabalini. Kwao ghorofa ni mwamba tu wenye mashimo mengi. Makinda yao wanayalisha maziwa mazito yanayotoka kooni mwao, baba na mama wote wawili. Mkubwa wangu aliposikia habari za baba anayetoa maziwa alicheka mpaka akakaa chini. Sisimizi nao hufuata harufu iliyoachwa na waliotangulia: pitisha kidole kilicholowa maji kwenye mstari wao, uone wanavyohangaika kabla ya kuunganika upya. Hata siku ya radi haipotei. Mkisikia ngurumo ingieni ndani, msitoke mpaka zipite dakika 30 bila nyingine, na mkiwa humo ndani hesabuni sekunde tangu mwanga hadi mlio: kila 3 ni kama kilomita 1. Jua nalo lina kipimo chake, kivuli. Kikiwa kifupi kuliko wewe, hilo ni jua la kukimbilia chini ya mti.

Kuna mbunifu wa bustani wa Denmark, Carl Theodor Sørensen, ambaye aliona watoto wanacheza kila mahali isipokuwa kwenye viwanja alivyowajengea. Mwaka 1943 ukafunguliwa Emdrup, Copenhagen, uwanja aliouwaza yeye, wa vitu chakavu vya kujengea na kubomolea. Nilipoisoma habari hiyo nilijisikia nafuu. Kama mtaalamu alipitwa na watoto, mimi ni nani?

Kwa hiyo, dada yangu wa ghorofa ya nne, bustani isikunyime usingizi. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuhema na kutoka jasho, na si lazima zije kwa mkupuo mmoja. Ngazi zako hizo nne zinahesabika. Kukimbizana uani kunahesabika. Tokeni karibu, tokeni mara nyingi, simu ibaki mfukoni. Na msiwahi. Nimeshasema msiwahi? Narudia. Ninyi mnaosomba watoto kila mwisho wa wiki ili kundi la ukoo lione, mnamtoa nje nani hasa, mtoto au simu? Mnaweza kukasirika, lakini mimi nilikuwa mwenyekiti wenu, naijua katiba yote.

Sikatai bustani kubwa, bado tunakwenda, mara mbili tatu kwa mwaka, na siku hiyo hatuna kingine cha kufanya. Wanangu sasa wana miaka 7 na 11, na katika jengo zima hakuna anayejua viota vilipo kama wao. Nalisema kwa majivuno kabisa, na yule ndugu akisoma, vizuri.

Ila tukifika barabarani, kabla ya kuvuka, mdogo hunipa mkono wa kulia. Nikisimama upande wake wa kushoto anazunguka, anakuja upande wa pili, ndipo ananishika.