Maswali ya Wasomaji: Aproni, Kitambaa Chake na Kazi Yake Nyumbani

Wasomaji wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na Busia wametuuliza mwezi huu kuhusu vazi ambalo nyumba nyingi hulitundika nyuma ya mlango na kulisahau. Tumejibu kwa kirefu yale yanayogusa usalama, mengine kwa ufupi.

Kila jioni nakaanga ngege (tilapia) kwenye jiko la makaa. Najifunga leso kiunoni. Kuna haja gani ya kununua aproni? — Msomaji, Nyalenda, Kisumu

Haja ipo, mama, na inatokana na namna mnavyokaa jikoni. Anayekaanga kwenye jiko la makaa huchuchumaa au huketi kwenye kigoda, hivyo sufuria huwa sawa na mapaja na kifua chake. Leso iliyofungwa kiunoni hufunika mapaja na kuacha kifua wazi. Isitoshe, ncha zake huning'inia, na ukiinama kuchochea makaa ndizo hutangulia kufika motoni. Tena leso nyingi ni nyepesi: mafuta yakirukia hapo, hupenya hadi kwenye ngozi mara moja.

Mafuta huruka kwa sababu ya maji. Samaki hukaangwa kwenye mafuta ya nyuzi 170 hadi 180, ilhali maji huchemka kwa nyuzi 100. Tone la maji likizama ndani ya mafuta hayo hugeuka mvuke ghafla, na mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,000 kuliko tone lenyewe. Ndio unaorusha mafuta. Kwa hiyo kabla ya kuvaa chochote, mkaushe ngege kwa kitambaa safi nje na ndani ya tumbo, kisha mwingize kwenye mafuta taratibu, ukianzia upande ulio karibu nawe na kumlaza kuelekea mbele ili mafuta yasirukie upande wako.

Sasa aproni. Inayokufaa ni ya pamba nzito, yenye sehemu ya kifuani, na inayoshuka hadi chini ya magoti ukiwa umeketi. Ifunge nyuma kwa fundo la kuvuta, lile linalofunguka ukivuta ncha moja. Hapo ndipo watu wengi hukosea: hufunga fundo gumu. Mafuta au uji wa moto ukimwagika mwingi, kitambaa hunywa na kulishikilia joto lile juu ya mwili wako. Aproni ikivuliwa upesi imekuokoa. Ikikataa kufunguka inaendelea kukuunguza.

Ukiungua, vua nguo iliyolowa (ile iliyoganda kwenye ngozi usiing'oe), kisha weka pahali palipoungua chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala yai, wala siagi. Malengelenge makubwa kuliko kiganja, au kuungua usoni, mikononi au sehemu za siri, ni mambo ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Nataka fundi anishonee aproni mbili. Nimwambie anunue kitambaa gani, na apime vipi? — Msomaji, Njoro, Nakuru

Pamba tupu, na iwe nzito: drili, jinzi au marekani nene. Poliesta ikishika moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi, na jeraha lake ni baya kuliko la moto wenyewe. Pamba huungua pia, lakini haiyeyuki. Nanyi wa Njoro asubuhi zenu ni za baridi. Wengi hupika wakiwa na sweta za akriliki au flisi, ambazo nazo huyeyuka. Pandisha mikono ya sweta hadi kwenye kiwiko, kisha aproni ije juu yake.

Muuza kitambaa akikwambia ni pamba tupu, omba uzi mmoja na uuchome kwa kiberiti ukiushika kwa koleo, juu ya sahani. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini linalopukutika. Ukiona uzi unajikunja, unatoa moshi mweusi na kuacha kipunje kigumu, hapo kuna poliesta. Fanya hivyo hata kwa kitenge, maana vitenge vya pamba na vya poliesta hupangwa rafu moja.

Loweka kitambaa kwenye maji moto usiku kucha, kianike, kipige pasi, ndipo kikatwe. Pamba isiyowahi kufuliwa hupungua, mara nyingi sentimita 3 hadi 5 kwa kila mita ya urefu. Fundi akikata kabla ya kuloweka, aproni itapinda pembeni baada ya kufuliwa mara ya kwanza, kwa sababu utepe unaoshonwa pembeni na kitambaa havipungui sawa.

Mita 1 ya kitambaa chenye upana wa sentimita 150 inatoa aproni mbili za mtu wa mwili wa wastani. Kila moja ikatwe upana wa sentimita 72 na urefu wa 92. Ikunjwe katikati kwa urefu. Juu, kuanzia kwenye mkunjo, fundi apime sentimita 15 na nusu. Pembeni, kuanzia juu kushuka, apime 27. Aunganishe alama hizo mbili kwa mstari uliopinda kuingia ndani. Huo ndio mkato wa kwapa. Vipande vinavyobaki hapo vinatosha kuimarisha mahali pa kamba.

Kwa mtu mnene zaidi, kipimo ni hiki: gawa mzunguko wa nyonga kwa mbili, ongeza sentimita 10. Nyonga ya sentimita 110 inataka upana wa 65 baada ya kushonwa, na aproni yako hapo juu itabaki na 67. Nyonga ya 125 itahitaji zaidi ya 72, kwa hiyo mita moja haitoi mbili tena. Nunua mita mbili.

Mkato wa kwapa umekatwa mshazari, na kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika. Ukikunjwa tu na kushonwa, utalegea na kufanya mawimbi. Fundi aufunike kwa utepe wa pamba, bila kuuvuta. Kamba nazo ziwe za utepe wa upana wa sentimita 2 na nusu: mita 2 na nusu kwa kila aproni, yaani mbili za kiunoni za sentimita 90 kila moja na ya shingoni ya sentimita 65. Nyuma ya kila mahali pa kushonea kamba aweke kipande cha pili cha kitambaa, kisha ashone umbo la mraba lenye msalaba katikati. Aproni nyingi za dukani hufa hapo hapo: kamba imeshonwa mstari mmoja, na siku moja inang'oka na kipande cha kitambaa.

Mfuko mmoja katikati unatosha. Mifuko ya pembeni yenye mdomo mpana hunasa vishikio vya sufuria, na hilo limemwaga vyakula vingi. Usiweke kiberiti wala laita ndani yake.

Kama bajeti imebana, suruali kubwa ya jinzi ya mitumba, ile ya pamba isiyovutika, inatoa aproni imara. Fumua mshono wa ndani wa mguu, unganisha miguu miwili.

Aproni yangu ya kutengenezea omena na samaki inanuka hata baada ya kufuliwa. — Msomaji, Dunga, Kisumu

Dada, tunashuku unaanza na maji moto. Damu na utelezi wa samaki ni protini, nayo ikipata joto huganda ndani ya nyuzi kama yai linavyoganda kwenye kikaango. Loweka kwanza kwenye maji baridi dakika 30, suuza, badilisha maji. Halafu tia nusu kikombe cha siki nyeupe kwenye lita 5 za maji, loweka dakika 20. Harufu ya samaki inatokana na kemikali zenye asili ya magadi, na asidi ya siki huzifunga zisiendelee kuruka hewani. Suuza sana, ndipo ufue kwa sabuni, na uanike juani hadi ikauke kabisa. Kisumu kuna unyevu. Aproni iliyokunjwa kabla haijakauka hurudia harufu na kuongeza ya ukungu.

Siki au ndimu kamwe isikutane na blichi ya klorini. Vikichanganyika hutoa gesi yenye sumu, na kwenye bafu dogo lisilo na dirisha inaweza kukudhuru vibaya.

Madoa mengine, kwa haraka. Mafuta: paka sabuni ya maji ya vyombo doa likiwa kavu, acha dakika 15, kisha fua kwa maji ya vuguvugu. Usipige pasi kabla ya kuhakikisha doa limetoka, kwa kuwa joto huliweka la kudumu. Masizi: kung'uta nje, usisugue. Manjano: doa likigeuka jekundu ukipaka sabuni usishtuke, ndivyo manjano ilivyo ikikutana na sabuni, anika juani siku mbili tatu, jua hulifuta.

Sisi huchinja kuku nyumbani kila Jumapili. Aproni ya kuchinjia na kunyonyolea inaweza kupikia? — Msomaji, Kakamega

Hapana. Ziwe mbili, tena za rangi tofauti ili asiyejua asikosee. Kuku mbichi, manyoya yake na matumbo yake hubeba vijidudu vya kuhara, na aproni iliyoguswa navyo ikienda kukata kachumbari inavipeleka kwenye chakula kisichopikwa. Baada ya kuchinja, ivue hapo nje, iloweke kwenye maji baridi yenye chumvi, nawa mikono kwa sabuni, ndipo uvae ya jikoni.

Jambo linalotuuma zaidi ni hili: watu hufuta mikono kwenye aproni. Ukishika nyama mbichi, ukajifuta kifuani, halafu ukamnyanyua mtoto, umempaka usoni yale uliyojifuta. Tundika taulo ndogo ya mikono karibu na sinki au karai. Aproni isiingie chooni, isibadilishie mtoto nepi, isiende bandani. Kama kuna dada anayesaidia kazi nyumbani, mpe zake mbili, zake peke yake, moja ikiwa mwilini nyingine kwenye kamba. Fua kila siku iliyopikiwa nyama au samaki; ya mboga na chapati inaweza kungoja siku mbili.

Mimi ni mwanamume na napenda kupika. Nikivaa aproni wageni hucheka. — Msomaji, Milimani, Kisumu

Mafuta hayachagui, ndugu yetu. Wachoma nyama huivaa, na wahunzi huvaa ya ngozi. Agiza ya jinzi bila mapambo, urefu wa sentimita 95, kamba za kiunoni za mita 1 kila moja ili zizunguke na kufungwa mbele, mahali unapoweza kuzivuta haraka.

Binti yangu wa miaka minane ananisaidia jikoni. — Msomaji, Lanet, Nakuru

Mshonee aproni isiyo na kamba ya shingoni. Kamba zipite mabegani, zikatane mgongoni na kuungana kiunoni. Kamba ya shingoni ikinaswa na kitasa, mtoto anaweza kukabwa. Isifike chini ya magoti yake, asije akaikanyaga akipanda kigoda.

Watu wazima wanaoumwa shingo nao watumie mtindo huo huo, kwa kuwa uzito hukaa mabegani.

Aproni ya plastiki si bora zaidi? Haipitishi maji. — Msomaji, Busia

Kwa kuosha vyombo, kufua na kuparua samaki, ni bora: huipangusa kwa sabuni na kuitundika. Kwa jiko lolote lenye moto, iwe kuni, makaa, mafuta taa au gesi, ivue kwanza. Hulainika kwa joto na kuyeyuka ikigusa mwali au sufuria ya moto, na cheche moja ya kuni inatoboa.