Hesabu chupa zako kabla ya mwezi kuandama

Kwa miaka minane nilikuwa mtunza stoo katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, wala sikukosa zamu hata moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja yangu kila mke wangu aliponigusia habari ya pombe: mlevi ni yule anayelala mtaroni, si mtu anayefungua stoo alfajiri na hesabu zake zikatimia. Hoja ya pili ilikuwa Ramadhani, kwani kila mwaka niliacha kunywa mwezi mzima. Karafuu hazikuniisha mfukoni. Nilizitafuna nikienda kazini na nikirudi nyumbani, nikidhani zinamdanganya mtu.

Shemeji yangu, ambaye ni muuguzi, aliniletea maswali kumi ya AUDIT, kipimo cha Shirika la Afya Duniani ambacho watafiti wengi hukitumia kuchunguza unywaji, ukiwemo wa watu walioko kazini. Alama za juu kabisa ni 40. Kuanzia 8 unywaji huhesabiwa kuwa wa hatari, na kuanzia 20 huashiria kwamba mtu huenda ameshakuwa mtegemezi wa pombe. Aliponiuliza yeye uso kwa uso nilipata 5. Usiku nikayajaza peke yangu, nikapata 22. Kwetu, ambako kunywa ni aibu kwanza na maradhi baadaye, anayetaka ukweli wa wafanyakazi awape karatasi wajaze wenyewe bila ya jina, na msimamizi wao asiione.

Tena, ukijibu, usihesabu chupa kama chupa. Kipimo kimoja cha kinywaji katika maswali hayo kwa kawaida ni gramu 10 za pombe halisi, na bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20, kwa hiyo chupa tatu ni vipimo sita. Tembo la mnazi ni gumu zaidi kulihesabu, kwa sababu lililogemwa asubuhi likiwa tamu huwa kali jioni, na dumu halina maandishi.

Alama 22 sikumwonesha mtu. Nilikunywa siku ya vunja jungu, kisha nikaacha ghafla kama nilivyozoea. Jioni ya mfungo wa kwanza mikono ilitetemeka hata uji ukamwagika mkekani, na usiku wa pili nikaanguka kwa degedege. Majirani walisema ni shetani. Daktari alinieleza kwamba pombe huutuliza ubongo, nao kwa miaka hujizidishia msisimko ili kupambana nayo. Pombe ikiondoka mara moja, msisimko hubaki bila ya kizuizi, na unaweza kuua.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayetetemeka asubuhi kabla ya kunywa, usingoje mwezi uandame. Nenda hospitali mapema katika Shaabani, useme idadi ya kweli, kwa sababu dawa hukadiriwa kwa idadi hiyo. Mimi nililazwa, nikapewa vidonge vilivyopunguzwa kidogo kidogo kwa wiki moja, pamoja na vitamini B1, na saumu nililipa baadaye. Kazini nilisema nina homa, jambo ambalo hata leo sijui kama nilikosea.

Karafuu bado naziweka mfukoni kwa mazoea. Mke wangu akizikuta wakati wa kufua, huja kuninusa kwanza, ndipo akarudi kwenye beseni.