Kuchagua kampuni ya umeme: majibu kwa wasomaji

Mwanangu kahamia Leicester, Uingereza. Anasema umeme huko unachagua mwenyewe wa kukuuzia. Kweli? (Mama, Jang'ombe)

Kweli, mama. Nyaya ni za kampuni moja ya eneo. Wanaoshindana ni wauzaji wa yuniti. Akihama kampuni, umeme haukatiki hata dakika moja. Siku anayopokea funguo, kabla hajafungua mabegi, apige picha mita na nambari zake zote zisomeke. Asipofanya hivyo anaweza kupigiwa bili ya kukisia, na matumizi ya mpangaji aliyetoka yanaweza kumwangukia yeye.

Dada yangu London ana ofa mbili. Ipi nafuu? (Chake Chake)

Inategemea anatumia yuniti ngapi. Bei ya yuniti peke yake hupotosha, kwani kuna na tozo ya kila siku, inayolipwa hata nyumba ikiwa giza. Tuchukue mfano: ofa ya kwanza tozo ni peni 60, yuniti peni 24, ya pili tozo peni 40, yuniti peni 27. Kwa siku 30, akitumia yuniti 150, ya kwanza ni pauni 54, ya pili 52.50. Akitumia 300, ya kwanza ni pauni 90, ya pili 93. Zinakutana kwenye yuniti 200. Basi achukue bili zake za mwaka mzima, za baridi na za joto, apige hesabu kwa yuniti zake mwenyewe. Makadirio ya muuzaji asiyategemee.

Ndugu yangu huko Uingereza kishafunga mkataba wa umeme wa mwaka. Anaweza kutoka? (Mlandege)

Ndani ya siku 14 za mwanzo, bila gharama. Baada ya hapo aangalie faini ya kuvunja mkataba, ila siku 49 za mwisho hatozwi.

Na sisi tuchague nani? (Paje)

Unguja na Pemba gridi ni ya ZECO tu, yaani Shirika la Umeme Zanzibar, umeme ukija kwa waya wa baharini kutoka Bara. Kilicho mikononi mwako ni matumizi. Zima kila kitu, kisha tazama kitaa chekundu cha mita ya Tukuza (ya kulipia kabla). Kikiendelea kumeta, kuna kitu kinanyonya. Kama mita imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani mimeto 1000 kwa yuniti moja, mimeto 10 kwa dakika ni wati 600. Hapo mwite fundi aangalie waya.